Wenye Mercedes Nyeusi

Bruxelles, 4 Februari 2024

Kwa Shangazi Godelive,

Salamu nyingi sana katika jina la Bwana. Natumaini uko muzima, na ile magoti yako imepunguza kuuma, na baridi ya asubuhi ya Bunia haikusumbue. Siye huku tuko wazima, kazi njo ile ile. Denise anakusalimu, watoto vilevile.

Shangazi, kuko Mzungu mumoja wa Anvers anakusanya magari ya zamani. Nilimuonyesha picha ya Mercedes ya Baba, ile nyeusi yenye iko mu garage nyuma ya nyumba. Anasema ni ya 1966, na zenye zilibaki na ngozi nyekundu ndani kama ile ni kidogo sana duniani. Anaitaka hata kama haitembei. Lakini watu wa namna yake hawanunui gari tupu. Wananunua na historia yake: nani alikuwa nayo wa kwanza, nani wa pili, miaka, majina, karatasi. Kila mwenye gari kwa mustari wake, bila shimo katikati.

Baba alikufa bila kuniambia mambo hayo. Umebaki weye tu. Uniandikie majina kwa mpangilio, na utafute karatasi ya gari mu ile sanduku ya Baba. Uandike fupi. Nakujua, Shangazi, ukianza unaweka hata jina la mbwa. Usiniletee habari ya madereva, wafagiaji na vita. Mzungu anataka wenye gari.

Na uondoe kuku mu garage. Kwenye picha yenye Vanessa alituma, niliona kuku amelala juu ya kiti ya nyuma. Ile kiti ni ngozi, Shangazi. Watu wa Bunia munaweza kukaa na kitu ya thamani miaka makumi na musijue.

Mutoto wako,
Ephraïm


Bunia, 19 Februari 2024

Mwanangu Ephraïm,

Salamu nimezipokea. Magoti ni mabaya kama mwaka jana, asante. Mara ya mwisho kuyauliza ilikuwa Noeli ya mwaka juzi, ulipotaka nikutafutie cheti cha ubatizo, kwa hiyo nilijua mapema kwamba kuna kitu unataka. Msalimu Denise. Watoto wako siwajui sauti, lakini nao wasalimu.

Vanessa wa jirani atapiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa simu yake. Mimi naandika kwa kalamu. Nilifundisha darasa la tano miaka thelathini na moja, na kuandika fupi ilikuwa adhabu ya wale wasiojua kitu.

Unataka wenye gari. Haya.

Wa kwanza ni Mugiriki aliyenunua kahawa yote ya huku, tangu Nizi mpaka mlimani. Mercedes ilimjia mpya kutoka Mombasa, ikapita Kampala na Mahagi, na watu walisimama barabarani kuiangalia. Alimlazimisha dereva wake kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika usukani, halafu yeye mwenyewe akaingia na kula vitunguu kwenye kiti cha nyuma. Hicho ndicho kilichoitwa ustaarabu.

Wa pili alikuja mwaka 1973, wakati serikali ilipowanyang'anya wageni maduka ili kuwapa wananchi. Mwananchi aliyepewa duka la Mugiriki, pamoja na gari yake, alitoka Kisangani na suti ya kufunga shingo, na hakujua tofauti ya kahawa na maharagi. Aliuza vitu vya dukani, kisha akauza rafu, kisha akauza mabati ya paa. Gari aliitumia kwenda baa, mita mia mbili kutoka mlangoni kwake, na siku za soko aliipakia samaki wa chumvi wa Kasenyi juu ya ngozi hiyo nyekundu unayoililia. Kuku wangu ni wageni wa heshima.

Wa tatu, mwaka 1977, ni baba yako Adolphe, kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa mtu wa forodha pale Mahagi. Yule wa Kisangani alikuwa na malori mawili ambayo hakutaka yafunguliwe. Baba yako alifumba macho, malori yakapita, na alipoyafumbua macho alikuwa na Mercedes. Iandike hiyo vizuri kwenye mstari wake.

Umesema nisilete madereva. Lakini dereva wa hao wote watatu alikuwa mtu mmoja, na kila aliyeichukua gari alimchukua na yeye ndani yake, kama jeki na gurudumu la akiba. Mtu huyo ni Alexis, mume wangu. Alikupeleka kanisani kila Jumapili ya utoto wako. Hukumwita Tonton, kama mtoto anavyomwita mume wa shangazi yake, hata siku moja. Ulimwita Chauffeur, yaani Dereva, kwa sababu ndivyo baba yako alivyomwita mezani, na wote mlicheka.

Sanduku nimelifungua. Karatasi ya gari imo. Kwanza nijue kama unasoma barua zangu mpaka mwisho.

Shangazi yako,
Godelive


Bruxelles, 2 Machi 2024

Shangazi mupendwa,

Nakusalimu. Nimesoma yote mpaka mwisho, hata matusi. Natumaini uko vizuri na chakula kinashuka.

Mugiriki alimufurahisha Mzungu sana, hasa Mombasa na Kampala. Samaki nimetoa. Yule wa Kisangani nimemuandika «homme d'affaires», mufanya biashara. Baba nimemuandika «haut fonctionnaire», mukubwa wa serikali, kwa sababu alikuwa hivyo. Ile mambo ya kufumba macho, ukumbuke kama njo ilikulipia masomo ya kuwa mwalimu.

Ku mambo ya Tonton Alexis, haya, nimemuita Tonton, uko na furaha? Sikumudharau. Lakini dereva ni dereva. Mupishi hawezi kuitwa mwenye chungu. Alikula kwetu, alivaa koti za Baba, alizikwa na jeneza yenye Baba alituma feza yake. Familia yake ilipata nini kwa siye isipokuwa mema? Wale wa Komanda, wenye walikuja matanga na kurudi na koti moja na viatu, hata kushukuru hawakushukuru.

Avoka wa Mzungu, mutu wake wa sheria, anasema jina lenye kuwa ku karatasi ya gari lazima liwe la mwenye kuuza ao la muzazi wake. Karatasi tu njo imebaki. Vanessa apige picha leo, mbele na nyuma. Nikimaliza mambo ya gari nitatengeneza paa ya nyumba yenye nimekuachia ukae.

Mutoto wako,
Ephraïm


Bunia, 15 Machi 2024

Ephraïm,

Nakusalimu. Chakula kinashuka. Mvua imeanza na paa inavuja palepale ilipovuja mwaka uliopita, juu ya kitanda.

Picha ya karatasi utaiona pamoja na kurasa hizi. Isome polepole. Mahali palipoandikwa jina la mwenye gari, jina si la baba yako. Ni la Alexis. Muhuri upo, sahihi ya mkuu wa ofisi ipo, na mwaka ni 1977.

Usiruke juu. Ilikuwa hivi. Mtu wa forodha mwenye mshahara wa forodha hawezi kuonekana na Mercedes ya Mugiriki, kwa sababu wakubwa wake nao walikuwa na macho, na hao hawakuyafumba bure. Basi baba yako alimwita Alexis ofisini na kumwambia aweke sahihi. «Ni karatasi tu, shemeji. Gari ni yangu, jina ni lako.» Alexis aliweka sahihi. Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akaniambia amenawa mikono kwa ajili ya gari ile miaka kumi na moja, na hakuona vibaya jina lake liwemo hata kwa uongo.

Lakini sheria haijui uongo wa watu wa forodha. Kwa sheria, baba yako hakuwa na gari. Alikuwa na shemeji mwenye gari.

Mwaka 2003, vita ilipoingia mjini, ninyi mlikuwa mmekwisha kuvuka kwenda Uganda. Baba yako alimwachia Alexis nyumba na gari, na mimi. Alexis alitoa magurudumu manne, akatoa delco, kile kinachogawa moto kwenye mashine, akazika vyote shambani chini ya mihogo. Watu wenye silaha walikuja mara mbili kuchukua Mercedes na haikuwaka. Mara ya pili walimwuliza kitu kilichokosekana kiko wapi. Hakusema. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mbele yangu, mgongoni na kwenye figo, na hakusema. Alikojoa damu miezi minane, halafu akafa. Gari haikupata hata mchubuko. Baba yako alirudi, akaizunguka yote akiigusagusa, kisha ndipo akaniuliza marehemu alilazwa wapi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hujui, maana haya hayakusemwa mezani. Siku ya kutosha matanga, ya kuondoa msiba, unajua namna inavyofanywa kwetu: familia mbili zinakaa uso kwa uso, na mjane anasimama kutaja mbele ya wote kitu marehemu alichoacha, ili ndugu zake wajue. Ndugu za Alexis walikuwa wametoka Komanda, na mkubwa wao Rachidi mbele. Kabla sijatoka nje, baba yako aliniingiza chumbani na kufunga mlango. Aliogopa ndugu wa Alexis wakijua habari ya karatasi wataichukua gari. Akaniambia niseme Alexis hakuacha kitu. Akaniambia nikisema vingine nitarudi Komanda na hao watu na nisikanyage kwake tena.

Nilitoka. Nilisimama mbele ya watu mia na kusema mume wangu hakuacha kitu.

Rachidi aliinamisha kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya chini lakini wote tulisikia, «Basi ndugu yetu aliishi bure.» Wakachukua koti na viatu, wakaondoka. Hiyo ndiyo sababu hawakushukuru, Ephraïm. Uliwashangaa miaka ishirini. Sasa unajua.

Mimi sitaki kitu cha Mzungu wako. Nataka jambo moja. Katika historia yako, baada ya yule wa Kisangani, uandike jina la Alexis: mwenye gari, 1977 hadi 2004. Si mtunzaji, si mwaminifu wa familia. Mwenye gari. Unitumie karatasi hiyo ikiwa imepigwa chapa, niipeleke Komanda na kuisoma mbele ya Rachidi na ndugu zake wangali hai. Ukifanya hivyo, nitawaomba wakuachie gari, na nafikiri watakubali. Ndiyo bei yangu yote.

Shangazi yako,
Godelive


Bruxelles, 30 Juni 2024

Kwa Shangazi,

Salamu. Samahani kwa kukawia, kazi ilikuwa mingi. Natumaini uko muzima.

Hii barua inakufikia kwa mukono wa Solange, rafiki wa Denise, anakuja kuona mama yake Bunia. Nimekutumia viatu vya kwenda navyo kanisani.

Shangazi, nilijaribu. Nilimusomea Mzungu ile mustari. Akauliza, huyu Alexis alikuwa nani? Nikasema, dereva. Akacheka, akasema inakuwa ajabu: Mugiriki, homme d'affaires, halafu chauffeur, halafu nani, mupishi? Inashusha gari. Tena avoka anasema kama dereva njo mwenye gari, basi wenye kuuza ni warithi wake. Njo nani? Wauza makala, makaa ya kupikia, wa barabara ya Komanda. Mimi nikae na wale watu kuomba ruhusa ya kuuza gari ya Baba yangu? Watu wenye hawawezi kutofautisha Mercedes na pikipiki ya Kichina?

Nimepata njia nzuri kwa wote. Mu bahasha utakuta karatasi ya mauzo, inasema Alexis aliuzia Baba gari mu 1990. Imeandikwa kwa mashine ya zamani, kazi safi. Sahihi yake iko. Inakosa sahihi yako tu, kama shahidi, kwa sababu weye ulikuwa bibi yake. Weka sahihi, mupe Solange, atarudi nayo tarehe 20 mwezi wa nane. Na mu historia nimeweka picha yake na glavu nyeupe, chini yake: «dereva mwaminifu wa familia». Watu wengi hawapati hata hiyo.

Sipendi kusema hii, lakini ile nyumba ni yangu. Uko ndani miaka kumi na tatu tangu Baba alikufa, bila mutu kukuuliza kitu. Ulisema mara moja kama hakuacha kitu. Kusema mara ya pili kutakuuma nini?

Mutoto wako,
Ephraïm


Komanda, 11 Agosti 2024

Kwa Ephraïm,

Nakusalimu, na nyumba yako yote. Mimi ni mzima. Umeona hapo juu mahali ninapoandikia.

Solange atakurudishia bahasha na viatu. Bahasha haina sahihi. Viatu ni vidogo. Miguu yangu hukuiuliza.

Mwanzoni nilikasirika, kisha swali lako la mwisho lilibaki nami. Kweli, kutaniuma nini? Nilikaa nalo wiki nzima. Mara ya kwanza nilisema kwa kuogopa kufukuzwa, na sasa unanitisha kwa kufukuzwa kulekule, kwa nyumba ileile. Hata hukutafuta tisho jipya. Nikaona nimezeeka vya kutosha.

Nilipanda lori katika msafara unaolindwa na askari wa tarehe 15 Julai, nikateremka kwa Rachidi. Amekuwa muzee sana, anaziba magurudumu ya malori kando ya barabara, na watoto wake ndio wanaouza makala. Alinipa kigoda na maji. Nilimwambia yote: karatasi, mihogo, chumba kilichofungwa, na maneno yangu mbele ya watu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza, «Shemeji, unasema leo kwa sababu Mzungu anataka gari?»

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, «Siye tulirudi na koti ya kaka mukononi. Watu wa njiani waliuliza aliacha nini, na tuliwaonyesha koti. Weye ulikuwa mwalimu. Miaka ishirini, hukukosa kalamu.» Hakupandisha sauti. Nimekudharau katika barua zote hizi, Ephraïm, na nilifurahi kukudharau, nisikufiche. Pale kwenye kigoda niliona kwamba wewe unanifuata mimi nyuma tu. Wewe uliandika uongo mahali pasipo na mtu. Mimi niliusema nimesimama, mume wangu akiwa na siku arobaini ardhini.

Rachidi hakutaka niseme Komanda. Alitaka niseme palepale niliposema. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 3 walikuja Bunia, yeye na ndugu wawili waliobaki na watoto wao. Nilimwita mkuu wa mtaa, na muchungaji, na wazee wote wa mtaa waliokuwako mwaka ule na ambao hawajafa. Tulikaa kwenye uwanja wa baba yako, familia mbili uso kwa uso, kama matanga. Nilisimama. Nilisema mume wangu Alexis aliacha gari, nikaonyesha karatasi, nikasoma jina lake na mwaka wake. Nilisema nilidanganya, na aliyenituma nilimtaja. Mama mmoja alicheka nyuma. Wengine walitazama chini. Hakuna aliyenipa mkono, na sikutazamia.

Mkuu wa mtaa aliandika, tukaweka sahihi. Rachidi aliingia garage peke yake. Nilidhani ataizunguka akiigusagusa kama baba yako. Alifungua mlango wa mbele, akakaa nyuma ya usukani, na akalia humo mpaka mtoto wake akaenda kumtoa. Alasiri waliisukuma hadi barabarani, wakaipandisha kwa mbao juu ya lori la mbao lililokuwa linarudi Niania bila mzigo, kwa njia ya Komanda. Mtaa mzima ulitoka. Unasema watu wa Bunia hatujui thamani; siku ile hata walevi walinyamaza.

Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi ya nyumba yako nikifikiri nitakwenda wapi, na nimekwisha kufunga vitu vyangu, kwa sababu tisho lako nalichukua kwa uzito. Rachidi alirudi kutoka barabarani na kuniambia nipande. Nikamwambia sistahili. Akasema hakuniuliza kama nastahili, mjane wa kaka yake hawezi kulala kwa watu. Bado amenikasirikia. Anaongea nami kwa kupitia wajukuu. Lakini asubuhi uji unaletwa, na kitanda changu hakiko chini ya tundu.

Ufunguo wa nyumba uko kwa Vanessa. Nyumba ni yako kweli, hilo sikatai, itengenezee paa.

Mzungu wako akitaka gari, amwandikie Rachidi. Ukimwandikia wewe, anza na salamu na uulize mgongo wake. Kama atauza au hatauza sijui, wala si kazi yangu, wala si yako.

Na kwa sababu uliniomba historia kwa mpangilio, kila mtu kwa mstari wake, bila shimo katikati, hii hapa, nimeiandika bila kuongeza hata jina la mbwa:

1966 hadi 1973, Mugiriki wa kahawa.
1973 hadi 1977, mwananchi wa Kisangani.
1977 hadi 2004, Alexis, dereva.
2004 hadi leo, Rachidi na ndugu zake.

Miaka imeshikana yote. Nilitafuta mahali pa kumweka baba yako, sikupaona.

Godelive,
mjane wa Alexis